Gauni la Zabibu Lililokwenda Kisiwani

Gauni lile nililifuma mimi, kwa mikono yangu hii, na lilipotoka mlangoni mwangu halikuwa na aibu yoyote. Lilikuwa na bitana. Bitana nyeupe ya pamba, kutoka kifuani mpaka chini ya magoti, nimeishona kwa mkono ili nyuzi zisivutwe na cherehani. Wale wanaozunguka sokoni wakisema bibi kizee amemvua mjukuu wake nguo, wajue hilo kwanza, halafu waendelee kusema wanavyotaka.

Mimi shule niliishia darasa la pili. Kusoma na kuandika kwa kueleweka nilijifunzia ngumbaru, darasa la watu wazima, nikiwa na mtoto mgongoni, na mwalimu wetu alikuwa mdogo kuliko mimi. Wakati huo tulikuwa Urambo. Mchana nilishona marobota ya tumbaku ya watu, jioni nilifuma vitambaa vya makochi, na siku ya treni nilivipeleka stesheni nikawainulia abiria wa Kigoma dirishani. Hata asiye na kochi alinunua, kwa sababu mtu akishakuwa na kitambaa anaanza kulifikiria kochi. Mume aliondoka akaenda alikokwenda, sitamwongelea. Vitambaa vikanipa cherehani, cherehani ikanipa chumba cha duka Tabora mjini, duka likanipa nyumba ya matofali ya kuchoma yenye umeme. Hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivyo kwa kujivuna na sina mpango wa kuacha.

Wafumaji wa huku kwetu kila mmoja ana ua lake. Ukiingia sebuleni kwa mtu ukaona kitambaa kimefunika redio, unajua ni mkono wa nani bila kuuliza. Ua la mwenzako hulifumi mpaka umwombe, na akikukatalia, umekataliwa. Wapo wenye nyota, yuko mwenye samaki, yuko mmoja wa upande wa Ulyankulu mwenye njiwa anayefanana zaidi na kuku. Langu ni zabibu. Kichala kimoja, majani mawili, na kikonyo kilichopinda. Nililitoa kwenye picha ya kitabu cha watoto wa shule ya Jumapili, nikahangaika nalo masika nzima. Wengi wamejaribu kuliiba wakaishia kwenye kikonyo. Kikonyo chao kinasimama wima kama msumari.

Kitambaa cha meza ya Bwana kanisani kwetu kilikuwa cha zabibu zangu. Hiyo ndiyo kazi yangu kubwa kuliko zote, na nilipoitoa sikutaka malipo, nilitaka tu iwepo pale mbele ambapo kila mtu anaiona.

Sasa mjukuu. Ni binti wa binti yangu aliyefariki, nimemlea tangu hajajua kufunga kamba za viatu. Amesoma chuo cha uhasibu akamaliza, kazi hakupata, akawa anakaa nami dukani. Tunataniana, kama inavyotakiwa bibi na mjukuu. Mimi namwita mke mwenzangu, yeye ananiambia mume wetu alinioa kwa kunionea huruma. Kufuma mistari ya kawaida nilimfundisha akiwa mdogo. Zabibu nilikuwa sijampa. Nilikuwa namngojea atulie, kwa sababu nilikwisha kuamua kwamba duka litakuwa lake na zabibu zitakuwa zake. Sina mwingine. Hilo ndilo lililokuwa linanitafuna miezi ile yote aliyokuwa kisiwani. Aibu naijua, tumeshazoeana. Nilichoogopa ni kumpoteza yeye.

Mambo yalianza na simu. Jioni tukifunga duka, alikuwa ananionyesha vijana wa kisiwani. Unguja, upande wa kaskazini, kuna fukwe ambako vijana wa bara wanakwenda sikukuu za mwisho wa mwaka kucheza muziki mpaka kuche. Na kila mwaka una vazi lake. Mwaka mmoja ilikuwa shati la maua makubwa, mvulana na msichana wamevaa sare kama pazia na foronya yake. Mwaka uliofuata wote walikuwa na kitani nyeupe, unaweza kudhani ni watu wa ubatizo mpaka uone kilichoshikwa mkononi. Ukaja mwaka wa simbi za baharini kwenye nywele. Wavulana nao hawakubaki nyuma: kaptula fupi kama za wanafunzi wa zamani, mkufu wa lulu shingoni, kofia za kitambaa zilizowaangukia machoni, miwani midogo isiyozuia jua wala vumbi. Nilimuuliza aliyevaa vazi la mwaka jana anafanywa nini. Akacheka, akasema hafanywi kitu, anaonekana tu. Kule mtu hatupii nguo moja mara mbili, bibi.

Nilizitazama sana zile picha, kwa sababu nguo ni kazi yangu. Ushonaji wake mwingi ni wa ovyo, pindo limevutwa, vifungo havikukaa. Na jambo jingine nililoliona: katika picha zote zile hakuna mtu anayekula, na wanaocheza ni wachache. Wengine wamesimama. Wamegeuza mguu mmoja, wamevuta tumbo ndani, wanangoja kupigwa picha. Nilimwonea huruma hata yule nisiyemjua.

Halafu ukaja mwaka wa nyuzi. Alinionyesha msichana amevaa gauni la kufuma lenye matundu, na mwingine, na mvulana mwenye shati la hivyo hivyo limeachwa wazi kifuani. Nikavaa miwani yangu nikatazama vizuri. Nikamwambia hivi si vitambaa vya makochi?

Alicheka mpaka akakaa chini. "Ndiyo hivyo bibi. Dunia nzima inavaa kochi lako."

Sitadanganya, nilifurahi. Vitambaa vyangu vilikuwa haviuziki tena, watu wananunua vya plastiki vinavyotoka mbali, na hapa naambiwa vijana wenye pesa zao wanavitamani. Aliponiomba nimfumie gauni la safari sikumzungusha. Walikuwa wanakwenda kundi, yeye na wenzake wa chuo, na kijana mmoja wa duka la simu jirani yetu ambaye ana adabu, ila anapaka rangi kucha za mkono mmoja. Nilimwambia kijana huyo kwamba mkono wake mmoja umeolewa. Akasema umeolewa, ila mahari bado haijalipwa. Huyo tunaelewana.

Nilifuma gauni kama ninavyojua kufuma gauni: nyuzi juu, bitana chini. Na mahali pa kuweka ua nikaweka zabibu. Msiniulize kwa nini. Fundi akifanya kazi yake nzuri anaitia alama yake, na mimi alama nyingine sina. Niliweka kichala kimoja kila upande wa kifua, na mstari wa vichala kuzunguka nyonga, majani yakishuka. Alipolivaa hapa sebuleni juu ya bitana yake nyeupe, alikuwa kama bibi harusi. Akajizungusha, akasema hii ni unyama, ndiyo sifa yao siku hizi. Nikamwambia nenda, ila uniletee karafuu.

Ilipopita sikukuu ya mwaka mpya, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa alikuja dukani. Ni mwanamke mzito wa mwili na wa maneno, tumeimba kwaya pamoja ujana wetu. Hakukaa. Alinyoosha simu juu ya meza ya kukatia, kwa mikono miwili, kama mtu anayepeleka sahani ya moto.

Mjukuu wangu amesimama mchangani. Amevaa gauni langu. Bitana haipo. Chini ya nyuzi ana vipande viwili vya nguo ya kuogelea, na vipande hivyo ukivikusanya havitoshi kufunika redio. Kila tundu nililolifuma linaonyesha. Na zabibu ziko mahali pake pale pale nilipoziweka. Picha iliyofuata amegeuka nyuma. Vichala vile vya nyongani vilikuwa vimepanda kidogo, kwa sababu gauni bila bitana halina uzito wa kulivuta chini, kwa hiyo vilikuwa vimekaa kwenye makalio kabisa, kimoja kila upande. Kazi nzuri. Mstari hata mmoja haukupinda.

Mwenyekiti alisema picha zimefika kwenye kundi la simu la akina mama, na kutoka hapo zimefika Nzega kwa dada yake kabla hata yeye hajaamka. Kwamba lingekuwa gauni jingine wangesema ni watoto wa siku hizi, wakanyamaza. Lakini kila mwanamke aliyewahi kupiga magoti kanisani kwetu anazijua zabibu zile.

"Mama fundi," akasema, "tukikaa kushiriki, macho yanakwenda kwenye kitambaa, na kitambaa kinatupeleka ufukweni."

"Basi macho yenu yanasafiri sana," nikamjibu.

Lakini alipotoka nilikaa kwenye kiti cha wateja. Sikumbuki kama niliwahi kukikalia kabla ya siku hiyo.

Nilimpigia mjukuu. Nyuma yake kulikuwa na upepo na muziki, mchana kweupe. Hakuniita mke mwenza. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia, na nikajua kwamba ameshasikia.

"Bitana iko wapi?"

"Niliitoa, bibi. Joto la huku hulijui."

"Uliitoa kwa nini?"

"Si nimekwambia, joto."

"Nakuuliza chombo."

"Wembe."

Niliona ule wembe unavyopita kwenye mishono yangu ya mkono, mmoja mmoja. Yeye akaanza kuongea haraka. Kwamba watu wanamsimamisha njiani kuliulizia gauni. Kwamba yupo mama mmoja mwenye kibanda cha nguo pale ufukweni, amemwomba abaki amuuzie, na amletee mengine. Kwamba kila anayeuliza anamwambia amefuma bibi yake wa Tabora. Alilisema hilo kwa fahari kabisa, kama zawadi aliyokuwa ameniwekea. Halafu sauti yake ikashuka, akauliza kama akirudi nitamsimamisha mbele ya kanisa.

Nilimjibu ninavyojibu watu. "Ukirudi, rudi umevaa."

Simu ikakatika. Haikuwa mtandao.

Nilijibu sawasawa, na mtu akiniuliza leo nitarudia neno hilo hilo. Ila jibu sawasawa halikunipikia chai asubuhi zilizofuata, wala halikunisaidia kuinua mlango wa duka ambao tulikuwa tunauinua wawili.

Wenzake walirudi. Yule kijana wa duka la simu alikuja kunisalimia, kucha zimeanza kubanduka rangi, usoni amechubuka kwa jua. Nilimpa kiti. Akasema mjukuu amebaki, anauza kwenye kile kibanda, analala chumba kimoja na wasichana wengine wa kazi, na hana shida. Nilimuuliza anavaa nini. Akatazama chini, akasema kule, bibi, wote wanavaa hivyo, hata humwangalii mtu. Nilimuuliza sasa kama humwangalii, kwa nini mnapiga picha? Akabandua rangi ya ukucha mmoja, na mimi sikuwa na raha ya kumshinda. Wakati anaondoka alisema jambo moja, nalo likabaki: kwamba siku za mwanzo mjukuu alikuwa anaikunja bitana kila asubuhi na kuiweka pembeni, kisha ikaja siku yeye kijana hakuiona tena mkononi mwake.

Babu yangu mzaa baba alikwenda pwani kwa miguu na mzigo begani, enzi za misafara. Wakati wake kijana ambaye hajafika pwani wasichana walimcheka, hata mke alimpata kwa taabu. Walirudi huku na nguo mpya, mitindo ya nywele na maneno ambayo wazee hawakuyataka. Kuna jirani, mwalimu mstaafu, alinikumbusha hayo akidhani ananifariji. Nikamwambia asinichokoze. Babu alikwenda nusu uchi akarudi na nguo. Hawa wanakwenda na nguo.

Akina mama waliniita baada ya ibada. Walikuwa wametaka mambo mawili. Kitambaa kitoke kwenye meza ya Bwana. Na mjukuu, akirudi, asimame mbele ya usharika aombe radhi, ndipo aruhusiwe kurudi kwaya. Mwenyekiti alisema kwa upole, nampa haki yake. Walikuwepo wengine nyuma walionitazama kwa namna ya watu waliokuwa wakiningojea nianguke tangu nijenge nyumba.

Nilisimama. Nilisema la kwanza nitalifanya mwenyewe, hakuna mkono mwingine utakaogusa kazi yangu. La pili hakuna atakayelifanya. "Mtoto huyu amekosea kwangu," niliwaambia. "Wembe ulipita kwenye mshono wangu, si wenu. Nitamgombeza mimi, na nikishamaliza mimi hakuna kitakachobaki cha nyie kugombeza."

Mmoja akasema kumbe ndiyo maana mtoto yuko hivyo. Nilipanda mpaka mbele nikaondoa kikombe, nikaondoa sahani, nikakikunja kitambaa mara mbili kufuata mstari wa katikati, nikatoka nacho chini ya kwapa. Meza ilibaki mbao tupu. Siku hizi kuna kitambaa cha plastiki chenye waridi.

Alirudi wakati mvua zinakatika. Alishuka treni ya asubuhi akaja kwa bodaboda, amevaa dera na mtandio, kila kitu kimefunikwa mpaka vidole vya miguu. Alikuwa amelitii neno langu kwa ukamilifu, na nilipomwona hivyo mlangoni sikufurahi hata kidogo. Alikuwa amekonda shingo. Shikamoo bibi. Marahaba, karibu. Kama karani wa sensa. Nilipika ugali na maziwa ya mgando anayoyapenda, akala, akaosha vyombo. Nilimgombeza kama nilivyoahidi. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Hakubisha wala hakulia, na mimi niliyekuwa nimeyaandaa maneno yale miezi mizima nikayaona yanakwisha mapema.

Ndipo akasema lililomleta. Kibandani gauni linatafutwa, mama yule amekubali wafume wenyewe, lakini kila anachofuma yeye ni nyota na mistari, na watu wanataka lile la zabibu. Amekuja kuniomba ua. Aliomba kwa heshima ya wafumaji, kama anavyotakiwa mtu kuomba, na hilo lilinichoma kuliko kama angeniibia.

"Utamvalisha nani?"

"Atakayenunua."

"Na bitana?"

"Anayeitaka nitamwekea."

"Asiyeitaka?"

"Bibi," akasema taratibu, "asiyeitaka hataki."

Nilimwambia hapana. Nikaenda dukani.

Niliporudi alasiri nilimkuta kwenye kochi karibu na dirisha, ametandika kitambaa cha meza ya Bwana magotini, sindano ya kufumia mkononi, anahesabu matundu kwa ncha ya kidole. Hakuwa amekata uzi hata mmoja. Alikuwa anajaribu kukisoma kwa macho, jambo ambalo wanawake wenye umri wa mama yake walishindwa. Kichala alikuwa amekipata. Majani yalikuwa yanakuja. Kwenye kikonyo alikwama pale pale wanapokwama wote, kikasimama wima, akakifumua, akaanza upya, kikasimama tena. Alikuwa ameuma ulimi kwa meno kama alivyokuwa akifanya alipokuwa anajifunza kuandika jina lake.

Nilisimama pale mlangoni na mkoba wangu. Nilijua vizuri nilichokuwa nakitazama. Nikinyamaza, ataondoka bila zabibu, na zabibu zitabaki safi, na nitakufa nazo, na yeye hatakuwa na sababu ya kukanyaga tena hapa. Nikisema, zitakwenda kwenye miili ya watu nisiowajua, kwenye mchanga, kwenye simu. Nilifikiria meza ya mbao tupu. Nilifikiria pia abiria wa Kigoma, ambao sikuwahi kumuuliza hata mmoja wao kitambaa changu anakwenda kufunika nini. Sikufikia uamuzi wowote. Ni mkono tu haukuvumilia kuona kazi inaharibika.

"Geuza," nikamwambia.

Akainua uso.

"Geuza kazi. Kikonyo kinafumwa kwa nyuma, matundu matatu, halafu unarudi mbele. Ndiyo maana kinapinda."

Akageuza. Kikonyo kikapinda. Alikifumua chote, akakirudia ili aone kama mkono umeelewa au umebahatisha, na hapo nikalazimika kwenda jikoni kumenya viazi ambavyo hakuna aliyeviagiza.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza stesheni. Nilimwambia duka lipo. Akasema analijua. Nilimwambia maoni yangu sijayabadilisha, uchi ni uchi hata ukiufumia maua, na kwamba sitaki kuona picha hata moja ya zabibu zangu kutoka huko kisiwani. Asinitumie kabisa. Akasema sawa, bibi, hatatuma.

Ni mtoto anayetii ukimwambia neno kavu. Anapiga simu kila Jumapili baada ya ibada, ananijulia hali, anauliza kama mlango wa duka umetiwa mafuta. Naambiwa kazi inakwenda. Kijana wa duka la simu anasema ameziona zabibu, amekuwa akitaka kunionyesha, nimemkataza. Simu yangu naiweka juu ya cherehani ninaposhona, kioo kikiwa juu. Picha hajatuma hata moja.